Siku Shujaa wa Biskuti Alipopita Shambani Kwetu

Watoto wangu wakitaka kunichokoza wanajua pa kunishika. Mwaka jana hapa Biharamulo mjini lilifunguliwa duka jipya, na mwenye duka akamleta mtu aliyevaa vazi la manyoya, kichwa kikubwa kama tenga, anacheza mlangoni na kupiga picha na watoto. Mwanangu wa mwisho akanivuta mkono. "Mama, twende tumkumbatie!" Miguu ikagoma. Jasho likanitoka mgongoni mchana kweupe, watu wananitazama. Dada yake akaangua kicheko: "Mama anaogopa mdoli!" Nikamwambia afunge mdomo, tena kwa sauti ambayo sijivunii. Mimi siogopi mdoli. Naogopa watu wazima waliomzunguka, na ndani ya vazi kuna mtoto wa watu.

Nilikulia Murusagamba, upande wa Ngara, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, katika kitongoji cha ng'ambo ya bonde. Nyumbani tuliongea Kihangaza, shuleni Kiswahili. Nikiwa darasa la tatu dukani zilianza kuuzwa biskuti ambazo pakiti zake zilikuwa na Shujaa. Hakuwa na jina jingine, Shujaa tu. Alikuwa na kinyago cheusi kilichofunika uso mzima, macho ya njano, joho la zambarau, na mkononi ameshika radi inayong'aa. Nyuma ya kila pakiti kulikuwa na kipande cha hadithi yake. Jamani, tulizipenda zile pakiti kuliko biskuti zenyewe! Mimi nilikuwa nazo ishirini na tatu kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila jioni nilifungua kifuniko nikanusa, kwa sababu harufu ya vanila ilikuwa haijaisha.

Ukimpelekea mwenye duka pakiti ishirini alikupa kinyago cha karatasi chenye uzi wa mpira. Changu kilidumu siku nne, mvua ikakiloanisha, nikakilia kama nimefiwa. Bibi, mama yake baba, alinitazama akatikisa kichwa. "Unalilia karatasi?" Nilichukua kitenge chake nikakifunga shingoni, nikaenda kuruka kutoka kwenye kichuguu pamoja na wavulana. Wakaniambia msichana hawi Shujaa, msichana anatekwa, halafu wao ndio wanakuja kumwokoa. Thubutu! Aliyesema hivyo nilimpiga konzi akaenda kulia kwa mama yake. Nilikuwa hivyo tangu zamani, hasira ziko karibu kama kiberiti.

Baba aliwahi kuniletea kutoka mnadani fulana ya mtumba yenye mtu wa misuli anayeruka angani, ila kichwa chake kilikuwa kimebanduka kwa kufuliwa. Mimi nikamchorea kichwa cha Shujaa kwa kalamu ya wino. Nilichapwa, na bado niliivaa hadi ikachanika kwapani. Sijui kama watoto wa leo, wenye mabegi na chupa za maji na soksi za mashujaa wa kila aina, wanapata utamu tulioupata sisi kwa vikaratasi vile. Labda wanaupata. Mimi nasema ya kwangu.

Siku moja, Ijumaa, gari la matangazo lilifika shuleni. Walimu walituruhusu tutoke nje. Kipaza sauti kikapiga kelele: kesho gulioni atakuja Shujaa mwenyewe, ana kwa ana, na kila mtoto atamkumbatia! Tulirukaruka mpaka vumbi likatanda. Gari likazunguka likarudi lilikotoka. Kwetu ng'ambo ya bonde halikufika, maana mvua ilikuwa imekata barabara pale kwenye kijito. Kwa hiyo watoto wa kitongoji chetu tulisikia, wakubwa wetu hawakusikia. Na sisi tulipowaambia, nani aliyesikiliza? Nilimweleza bibi habari nzima, na alichojibu ni kwamba maharage yana magugu. Baba hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Gulioni hakuna mtoto kwenda. Umesahau mambo yalivyo?"

Mambo yalikuwa mabaya, lazima niseme. Kipindi kile mabasi ya kupita porini kuelekea Biharamulo yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na bado majambazi walikuwa wakiyasimamisha. Wiki tatu kabla ya gulio lile, wanaume waliofunika nyuso kwa vitambaa walivamia nyumba ya jirani yetu wakamkata mkono. Hatukujua walikotoka wala walikokwenda. Tangu hapo kila mwanaume wa kitongoji alitembea na panga, hata akienda chooni. Baba ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, na alikuwa amekonda kwa wiki hizo tatu.

Alikuwa ametufundisha kuhusu induru. Induru ni ule ukelele wa kuomba msaada: mtu mmoja akiupiga, kila anayeusikia anaupokea, anaupiga na yeye, anachukua silaha na kukimbilia unakotoka. Baba alisema, "Induru haiulizwi. Inaitikiwa." Ukisimama kuuliza ni nani, ni nini, mwenzako ameshakufa. Na mtu asiyeitika alitozwa faini mbele ya kitongoji, na siku akifiwa wachimba kaburi walichelewa kufika. Hakuna aliyetaka kuwa mtu huyo.

Basi Jumamosi asubuhi nilikuwa napalilia maharage na bibi, midomo nimeivuta karibu iguse udongo. Ng'ambo ya bonde nilikuwa nasikia gulio linaanza kuchangamka. Wenzangu wa upande ule watamkumbatia Shujaa, mimi nakumbatia magugu.

"Ukimaliza kununa," bibi akasema bila kuinua kichwa, "mstari ule bado."

Nikasikia migomba inachakarika upande wa kijito. Nikainua macho. Akatoka.

Alikuwa yeye. Kinyago cheusi, macho ya njano, joho la zambarau limelowa matope mpaka kiunoni, na mkononi ile radi, kubwa, ya bati, inametameta juani. Hakuwa na mtu mwingine. Alitembea kwa shida kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, akafuata njia ya miguu inayokatiza shamba letu. Mimi nilikauka. Kwa furaha nikasahau hata kuita. Niliwaza jambo moja tu, kwamba amekuja kwa ajili yangu, amejua nimekatazwa kwenda.

Baadaye tulielewa ilivyokuwa. Safari hii walikuja kwa barabara ya upande wetu, gari lao likakwama kwenye kijito, na bosi wake akaogopa kwamba watoto gulioni watachoka kungoja na kutawanyika. Akamwambia avae kabisa, akate njia shambani, atangulie. Akamfunga kichwa kile kwa zipu ya kisogoni, na juu ya zipu akafunga kamba, ili watoto wasikivue. Akamkumbusha sheria ya kazi: Shujaa haongei. Shujaa anapunga mikono tu.

Sasa kwetu mtu hapiti mbele ya mtu aliyeinamia jembe bila kumpa pole ya kazi. Hata adui yako unampa pole ya kazi, kisha ndiyo unaendelea na uadui wako. Bibi alisikia hatua, akanyoosha mgongo, mkono kiunoni, akangoja apewe pole yake kabla hata hajageuka. Kimya. Akageuka. Akaona. Na bado, nataka hili lijulikane, bibi yangu hakukurupuka. Mtu mzima yule alianza yeye kusalimia. Alimsalimu kwa Kihangaza, kisha kwa Kiswahili chake cha gulioni.

Shujaa hakusema neno. Alifanya alichofundishwa. Aliinua mikono yote miwili juu, akaipunga, na ile radi ya bati ikapiga mwanga.

Bibi akapiga induru.

Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mwanamke wa umri wake. Ilipanda juu ya migomba, na kabla hajavuta pumzi ya pili mtu juu kilimani ameshaipokea, na mwingine zaidi yake, na mwingine ng'ambo, mpaka bonde zima likawa linalia. Bibi alinivuta akanitupa chini katikati ya mistari ya maharage, akanilalia. "Bibi, ni Shujaa!" nikasema. "Bibi, ni wa biskuti!" Akanibana mdomo kwa kiganja. Kupitia majani nilimwona Shujaa amesimama hajui la kufanya, anatazama huku na huku. Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote. Akakimbia.

Mtu anayekimbia induru ameshajihukumu. Niliwaona wanaume wakiteremka kilimani, mapanga, fimbo, mikuki miwili mitatu, watu ninaowaamkia kila siku, na nyuso zao sikuzijua. Mbele yao alikuwa baba. Alikuwa anakata migomba upande wa juu, ndiyo maana alikuwa karibu kuliko wote. Nikaelewa kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu hapaswi kukielewa: watamuua, na baba ndiye atakayeanza.

Hapo ndipo nilipomng'ata bibi. Nilimng'ata kiganja mpaka nikaonja damu, akapiga yowe, nikachomoka. Ndiyo, nilimng'ata mama yake baba yangu, na ukinitaka niombe radhi leo nitaomba, lakini kesho ikitokea vilevile nitang'ata tena.

Nilikimbia. Muhogo ulinichapa usoni. Mbele yangu Shujaa alikuwa anakimbia kama mtu aliyefungwa miguu, joho linamnasa, na ndani ya kile kichwa hakika alikuwa haoni kitu. Mwisho wa shamba kulikuwa na mparachichi mzee, matawi yake yameshuka hadi usawa wa kichwa cha mtu. Alifika pale akajikwaa, akaanguka kwa magoti. Radi ikamtoka mkononi. Akashika kisogo chake, anahangaika na zipu, lakini glavu zilikuwa nene na kamba ilikuwa imekazwa. Kutoka ndani nilisikia mtu analia. Hakuwa anasema kitu, analia tu.

Baba alifika. Hakuniona, maana nilikuja kwa chini, upande wa mgongo wake. Panga lilikuwa limeshapanda. Nyuma yake watu wanapaza sauti, "Kata! Kata!" Nilipita chini ya mkono wake nikaruka shingoni kwa Shujaa, nikamkumbatia kwa mikono na miguu, uso wangu kwenye kile kinyago cheusi ambacho kilinuka jasho na plastiki mpya. Nikafumba macho. Nikasikia panga linashuka. Nikasikia ko! juu ya kichwa changu, na majani ya mparachichi yakatudondokea.

Nilipofumbua, panga lilikuwa limezama kwenye tawi, limenasa, na baba ameliachia. Alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Ni wa biskuti! Ni mtu wa biskuti! Msimuue, ni wa biskuti!"

Wengine wakafika, wanahema, wanasukumana. "Unangoja nini, kamanda?" Kuna aliyeinua fimbo. Basi baba akageuka, akatanua mikono akatuziba mimi na yule mtu, hana silaha, anakabili majirani zake wenye silaha. "Mtoto wangu yuko hapa!" Sauti ilimpasuka. "Atakayepiga anampiga mtoto wangu!" Fimbo ikabaki juu muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha ikashuka polepole. Wengi wape, husemwa, na siku ile baba aliwanyima.

Walikata kamba kwa kisu wakavua kile kichwa. Ndani alikuwamo kijana ambaye ndevu hazijaota sawasawa, mdomo umepasuka kwa kuanguka, amejikojolea. Hakuwa Mrundi, hakuwa jambazi, alikuwa kijana wa Kaniha, huko Biharamulo, mtoto wa wakulima kama sisi, aliyepata kibarua cha siku mbili. Alikuwa ananishika mkono kwa nguvu utadhani ndiye mtoto na mimi ndiye mtu mzima. Alipoweza kuongea aliamkia kila mtu aliyekuwa pale, mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo," hata vijana wa rika lake, hata mimi.

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote wakacheka, wanaume wazima wanashikana mabega, wengine wamekaa chini machozi yanawatoka. "Loo! Biskuti! Tulitaka kuua biskuti!" Kijana naye akajaribu kucheka, akatapika. Nilikichukia kile kicheko. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao, wazee sasa, na akaanza kunisimulia kama kisa cha kuchekesha, namuaga na kuondoka.

Bibi alifika na kiganja chake kimefungwa jani la mgomba, amebeba maji kwenye kibuyu. Alimnywesha kijana kwanza. Kisha akanitazama, akanionyesha kiganja, akasema, "Wewe tutaongea." Hatukuongea kamwe.

Ungedhani yaliishia hapo. Bosi alitokea akiwa na viatu mkononi, miguu matope, akaelezwa. Akashukuru Mungu, akatupa pole, akatazama saa. Kisha akamwambia kijana, "Haya, vaa. Watoto wanangoja." Nilidhani anatania. Kijana alimtazama, akatutazama sisi, akainama akakiokota kile kichwa. Alijaribu zipu ikamshinda, bosi ndiye aliyemfunga.

Baba alikwenda akamshika kijana mkono, kama wanaume wa kwetu wanavyoshikana wakitembea pamoja, akamvusha bonde hadi gulioni, huku mkono wa pili amenishika mimi. Njia nzima watu walitupisha. Gulioni watoto walipiga kelele ya furaha ambayo ilitaka kunitoa masikio. Shujaa alicheza. Alipunga mikono. Wakamkumbatia, wakamvuta joho, wakagombania kumgusa, wenzangu wote wa darasani, na mimi nilisimama nimeng'ang'ania shati la baba. Niliona magoti yake yanavyogongana. Hakuna mwingine aliyeona, maana walikuwa wanadhani ni sehemu ya ngoma.

Kitongoji kilimheshimu baba kwa siku ile. Walisema hajawahi kutokea kamanda kama yeye: panga limeshashuka, mtoto ameingia, na yeye katika nukta hiyohiyo amelipeleka kwenye tawi. Mkono wa mtu mwenye akili, walisema. Kwenye vikao walikuwa wanautaja kufundishia vijana. Mimi nilikua na hadithi hiyo, nikaolewa nayo, nikawasimulia watoto wangu: babu yenu alizuia panga. Nilimpenda baba kwa jambo hilo kuliko jambo lolote. Nilipokuwa na hofu yoyote maishani nilijiambia, baba yangu ni mtu ambaye hata katikati ya hasira aliniona.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Murusagamba kumwona. Amezeeka, macho yanamsumbua. Nilipika, nikamwekea mezani ugali na maharage, mchana, tuko wawili tu. Sijui kwa nini nilianza kumsifu. Labda nilihisi siku zake si nyingi. Nikamwambia, "Baba, sijawahi kukushukuru kwa kuzuia mkono wako siku ile."

Alikuwa amemega tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Sikuzuia," akasema.

Nilidhani hajanisikia vizuri. Nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Nilikuona. Nilikuona vizuri kabisa, nikajua ni wewe, na mkono bado ukashuka. Nilikuwa nauambia usimame, haukusimama. Tawi ndilo lililokuwa pale." Akasogeza sahani kando. "Watu wakasema nimezuia. Nikawaacha waseme."

Nilitaka kukasirika. Mimi huyu ninayekasirika kwa chumvi kuzidi, niliitafuta hasira kila mahali nikaikosa. Nilimwona tu mzee ameketi na mkono wake wa kulia umelala mezani, anautazama kama si wake, na nikahesabu miaka yote aliyokaa vikaoni akisifiwa kwa mkono uleule. Nikataka kumwambia nimekusamehe, lakini neno hilo lilikuwa dogo na halikuwa lile aliloliomba. Hakuwa ameomba lolote.

Nikamwambia, "Baba, kula, ugali unapoa."

Hakula.